Fundo la Kuni kwenye Tanga la Shangazi

Majuzi tulikuwa na msiba kwa jirani hapa Sumbawanga, na vijana walioleta turubai walipolikunjua uani, niliinuka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Lilikuwa limekunjwa likiwa bichi. Mama mmoja alinifuata na kikombe cha maji akidhani uchungu umenizidi, nami nikayanywa bila kumweleza kitu. Harufu ya kitambaa kilichofungwa na maji yake ndani, ule uvundo unaokaa kooni, hunirudisha kwenye mashua ya shangazi yangu, likizo moja ndefu ambayo hata wanangu sijawahi kuwasimulia.

Walio rika langu watakumbuka jinsi maduka ya kijiji yalivyokufa. Baba yangu alikuwa muuzaji wa duka la kijiji chetu, huku juu uwandani, upande wa Msanzi. Kwa miaka mingi watu walimheshimu kwa sababu yeye ndiye aliyejua sabuni itakuja lini, hata kama haikuja. Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara yake. Magari ya watu binafsi yakaanza kutufikia na sabuni za mche, betri, marobota ya mitumba, na watu wakanunua mnadani bila kupanga foleni. Duka likabaki na mizani yake na chumvi iliyoganda kwenye kona. Baba aliendelea kulifungua kila asubuhi, akalifagia, akakaa mlangoni mpaka jioni. Mama alikuwa na shamba lake la ulezi na mahindi, lakini baba jembe lilikuwa geni mkononi mwake, na wanaume wenzake walianza kumtania wakipita. Siku moja alifunga ule mlango, akampelekea mwenyekiti funguo, akashuka ziwani kwa dada yake.

Dada yake huyo, Shangazi Modesta, alikuwa ameolewa Wampembe kabla sijazaliwa. Mume wake alifariki akamwachia mashua ndogo ya tanga, na watu walipomtarajia aiuze, yeye akakaa mwenyewe kwenye usukani. Ruksa iliyomwangusha baba ndiyo iliyomwinua Shangazi, maana sasa wafanyabiashara walikuwa na mali ya kupeleka vijiji vya kusini ambavyo havikuwa na barabara. Alihitaji mtu wa kushughulikia tanga. Akamchukua mdogo wake.

Baada ya miezi michache mchuuzi wa dagaa alituletea salamu kwamba baba hajambo, yuko kwenye tanga la Shangazi. Mimi matanga niliyoyajua yalikuwa yale ya kukaa chini na kulia, kama tulivyokaa alipokufa bibi mzaa mama. Nikaanza kumlilia Shangazi ambaye sikuwahi hata kumwona. Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini, akanieleza kwamba tanga ni kitambaa kinachopokea upepo na kusukuma mashua. Nilielewa. Hata hivyo, kila nilipolisikia neno hilo baadaye, nilihisi kana kwamba kuna mtu anakaribia kufa.

Likizo ilipofika, mama alinikabidhi kwa mchuuzi yuleyule, akaniambia nikamwangalie baba anaishi vipi. Mama alimaanisha hayohayo aliyoyasema: niangalie kama anakula, kama nguo zake zina vifungo. Mimi, na miaka yangu kumi, nilielewa kwamba nimetumwa kwenda kumrudisha.

Lori lilitushusha kwenye miteremko kwa siku nzima, tukitoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto kama mtu anayeingia jikoni. Baba alikuja kutupokea akitokea ufukweni, na kwanza sikumjua. Alikuwa amekonda na kuwa mweusi zaidi, shati wazi, na alikuwa akipiga mluzi. Nyumbani sikuwahi kumsikia akipiga mluzi. Alininyanyua juu kama mtoto mdogo, akacheka, akaniuliza habari za mama na za kila mtu. Nilipaswa kufurahi kumwona vile. Badala yake niliona wivu, kama mtu aliyekuta nguo aliyodhani imepotea inavaliwa na mwingine.

Shangazi alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alivaa koti la marehemu mumewe hata kwenye jua. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akanigeuza viganja akavitazama. Alisema mikono hii inajua kazi. Hakusema jingine mpaka tulipokula.

Kazi aliyonipa kuanzia kesho yake ilikuwa tanga. Lilishonwa kwa mifuko ya unga wa ngano, ya zile siku ambazo kitambaa kingine hakikupatikana, na herufi za kiwandani zilikuwa bado zinaonekana kwa mbali chini ya rangi ya magome waliyolichemshia. Liliponyonya maji lilikuwa zito kama ng'ombe aliyelala. Mashua ilipofika pwani, baba aliishusha foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, kisha tukalitandaza tanga juu ya kokoto likauke. Likishakauka tulikung'uta mchanga, tukalikunja kidogo kidogo kuelekea kwenye foromali, tukalizungushia mpaka likawa kama mkeka uliosokotwa, tukalifunga mahali patatu. Shangazi hakukubali likunjwe bichi, kwa kuwa kitambaa huoza ndani kwa ndani na hutajua mpaka siku kinapochanika ziwani. Na hakukubali fundo lolote ambalo halifunguki kwa mvuto mmoja.

Hapo kwenye fundo ndipo tuliposhindana. Mimi nilikuwa mtoto wa kubeba kuni. Nilijua kufunga mzigo nikashuka nao mlima bila kijiti kimoja kudondoka, na mama alinisifu kwa hilo mbele ya watu. Kwa hiyo nilifunga tanga kama kuni, fundo juu ya fundo, nikakaza kwa meno. Shangazi alikuja, akafungua yote bila kusema, akafunga kitanzi chake chepesi, akaenda zake. Kesho yake nikafunga tena vilevile, akafungua tena. Siku ya tatu nilifunga kitanzi kama alivyotaka, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba mwanamke huyu hanipendi, na kwamba ndiye anayemzuia baba kurudi nyumbani.

Baada ya wiki mbili walinichukua safari ya kusini, siku moja ya kwenda na moja ya kurudi. Tulipeleka sabuni na nguo za mfanyabiashara mmoja wa mjini, na asubuhi ya pili tukapakia magunia yake ya dagaa wakavu. Tulipokuwa tunataka kuondoka, msichana mmoja aliyeitwa Skola alikuja anakimbia na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alikuwa na homa ya siku tatu, na zahanati ilikuwa Wampembe. Shangazi alisogeza gunia moja akampa nafasi chini ya mlingoti.

Upepo ulikuwa nyuma yetu. Baba alivuta henza, kamba inayopandisha foromali, akaifunga kwenye ubao wa kukalia kwa kile kitanzi chao, akanikalisha pembeni yake. Akaniambia, "Angalia kamba hii." Kisha akaenda mbele kukumba maji yaliyoingia na kuyamwaga ziwani.

Nikaiangalia. Lakini kwetu kuangalia ng'ombe si kuwatazama tu. Ni kuhakikisha hawapotei. Ncha ya ile kamba ilikuwa ikitetemeka na upepo, na nilivyozidi kuitazama ndivyo nilivyoona kitanzi kinalegea. Juu yake ilikuwa imening'inia ile foromali nzito, na chini ya foromali amekaa Skola na mtoto wake. Nilijiambia kwamba kitanzi kikifunguka, ule mti utawaua, na nitakuwa ni mimi niliyeachiwa kamba. Nikashika ncha nikafunga juu ya kitanzi cha baba fundo moja la kuni, nikakaza. Nikafunga la pili. Nikainama nikalivuta kwa meno mpaka maji yakatoka kwenye kamba.

Nilipoinua uso nilimwona Shangazi kwenye usukani, macho yake yako upande wangu. Hakusema kitu. Mtoto wa Skola akaanza kulia, naye akageuza kichwa kumtazama. Nilijisikia fahari. Nilidhani safari hii ameridhika.

Sijui tulikwenda muda gani baada ya hapo. Jua lilikuwa bado juu. Niligundua kwanza kwamba baba ameacha mluzi, kisha nikaona anatazama milimani, ambako wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye miti. Kati yetu na nchi kavu kulikuwa na mstari mweusi juu ya maji, kama ukingo wa shamba lililochomwa moto, na mstari ule ulikuwa unakuja.

Shangazi alisema, bila kupaza sauti, "Kasiano, shusha tanga."

Baba aliruka magunia, akashika ncha ya kamba, akavuta. Haikuja. Akavuta tena huku akitabasamu kidogo, kama mtu aliyekuta mlango wake umekaza. Kisha akainama akaona. Alilitazama lile fundo kwa muda ambao mpaka leo naona ulikuwa mrefu mno. Hakunitazama mimi.

Upepo ulitupiga ubavuni. Mashua ililala upande mmoja, maji yakaingia kwa mkupuo juu ya ukingo, magunia yakateleza yote kwenda kulekule kulikoinama. Shangazi akaachia kamba ya pembe ya chini, tanga likapoteza upepo na kuanza kujipiga angani kwa kishindo cha bati linalogongwa kwa gogo. Hilo lilituinua kidogo, lakini foromali ilikuwa inarukaruka juu yetu na mlingoti unalia kwenye shina lake. Baba alikwaruza fundo kwa kucha, akaliuma. Kamba ilikuwa imelowa na kubeba uzito wote ule, fundo lilikuwa jiwe. Akauliza kisu kiko wapi. Kisu kilikuwa kwenye kikapu, na kikapu kilikuwa chini ya magunia. Skola alimfungua mtoto mgongoni, akamfunga tena, akamfungua tena, kama aliyesahau njia ipi ndiyo ya kumwokoa. Mtoto alikuwa amenyamaza.

Shangazi asingeweza kuacha usukani. Mashua ingegeuka tu, ziwa lingetumeza. Alisema kutoka kulekule alikokaa:

"Kasiano, acha fundo. Ing'ang'anie kamba kwa juu, ibebe wewe. Na wewe binti, fungua ulivyofunga. Anza na la mwisho."

Mafundo yale aliyajua. Alikuwa ameyafungua kwa mikono yake siku zangu za kwanza pale.

Baba alijizungushia henza viganjani, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote, na juu ya fundo kamba ikalegea upana wa kidole. Niliingiza kucha. Kucha moja ikang'oka na sikusikia maumivu. Nikatia meno, nikaonja moshi na samaki na maji machafu, nikavuta kichwa nyuma kama mbwa. La mwisho likalegea. Wimbi likanimwagikia nikapoteza mahali nilipofikia, nikapapasa nikapapata tena. Baba hakuniharakisha. Nilimsikia akipumua juu ya kichwa changu. La pili lilipofunguka, kilichobaki kilikuwa kitanzi chake, nacho kikaachia kwa mvuto mmoja.

Foromali ilianguka. Ingekuwa imewashukia Skola na mtoto, lakini baba hakuiachia kamba. Ilipita viganjani mwake urefu wote wa mlingoti, naye akiifinya kuipunguza kasi, mpaka ule mti ukalala juu ya magunia taratibu kuliko nilivyodhani inawezekana. Alipofungua mikono, ngozi ilikuwa imebaki kwenye kamba.

Nusu ya tanga ilikuwa ndani ya maji na ilituvuta kama nanga. Shangazi alituambia tulilalie. Skola alimweka mtoto kwenye beseni katikati ya magunia, tukalala kifudifudi juu ya kile kitambaa, tukakivuta ndani konzi kwa konzi, baba akitumia viwiko. Tukalizungushia foromali likiwa linatiririka. Baba hakuweza kufunga. Nilifunga mimi, mahali patatu, vitanzi vitatu. Kisha mvua ikaja, tukakumba maji kwa sufuria na kwa beseni huku Skola amempakata mwanawe ndani ya koti la Shangazi, na dhoruba ikatusukuma mpaka kwenye ghuba ndogo yenye mawe, tukiwa hai sote watano. Tulilala pale. Asubuhi Shangazi na Skola walipiga makasia mpaka Wampembe, na tanga lililokunjwa bichi likinuka katikati yetu. Mtoto alifikishwa zahanati na akapona.

Pwani alikuwa anatungoja mtu wa yule mfanyabiashara. Dagaa walikuwa wameloa mpaka katikati ya magunia na walikuwa wameanza kuharibika. Aliuliza nini kimetokea, akaelezwa kwamba tanga lilikataa kushuka. Akauliza nani alifunga kamba.

Nilikuwa nimesimama karibu na baba, mkono wangu umeshika suruali yake. Shangazi alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, anakamua khanga.

Baba akasema, "Mimi. Nilifunga vibaya."

Shangazi aliendelea kukamua khanga, na mimi nilitazama kokoto. Yule mtu alisema mali ya tajiri wake haitapanda tena mashua ambayo mtu huyu yumo, Shangazi achague. Shangazi akatafuta mtu mwingine. Siku ya nne baba na mimi tulikuwa juu ya lori, viganja vyake vimefungwa vitambaa, tunapanda kurudi kwenye baridi.

Kuna jambo lilinitokea kwenye lori lile ambalo limenichukua miaka mingi kulikiri. Nilifurahi. Nilikuwa nimetumwa kumrudisha baba, na nilikuwa namrudisha.

Furaha hiyo haikufika mbali. Ulikuwa wakati wa kupanda, na baba hakuweza kushika jembe wala kijiko. Mama alimlisha. Mimi na mama tulipanda ulezi peke yetu, na jioni nilimwona akifungua viganja mbele ya moto, akivitazama, akivifunga. Vilipona vikiwa vigumu, vidole havikunyooka tena sawasawa. Mama aliamini kwamba ziwa ndilo lililomshinda mumewe na akamshukuru Mungu kumpata mzima. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Baba alipata kibarua kwenye mashine ya kusaga, akazeeka hapo na unga kwenye nyusi. Wampembe hakwenda tena, na mluzi sikuusikia tena.

Shangazi naye hakupanda kwetu. Hakuja kwenye kipaimara changu, hakuja kwenye harusi yangu, hakuja hata babu alipozikwa, babu aliyewazaa yeye na baba. Ndugu walisema pesa za ziwani zimempa kiburi. Mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akifungua mafundo yangu bila neno, jinsi alivyokamua ile khanga, na nikaona picha imekamilika.

Nilikuwa na watoto wawili nilipopata habari kwamba ameletwa hospitali hapa mjini na mguu uliovimba. Nilikwenda kwa sababu haikuwezekana kutokwenda. Alikuwa amepungua, urefu wote umekunjamana kitandani. Nilimwamkia, akaitikia, akanigeuza viganja akavitazama, kisha hakuviachia.

Akasema, "Siku ile nilikuona."

Nilimwuliza aliniona wapi.

"Ukifunga. Nilikuona ukiinama na kutia meno. Nikasema moyoni, nitamwambia alilegeze, ngoja kwanza. Yule mtoto mchanga akalia, nikamtazama, nikasahau."

Kwa miaka yote ile, licha ya yale macho niliyoyaona usukanini, nilikuwa nimejiaminisha kwamba hakuona, kwa sababu mtu aliyeona angesema. Aliendelea kwa sauti ya chini, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alisema pale pwani alikuwa na neno mdomoni. Lakini mashua ndiyo pekee aliyokuwa nayo duniani, na ikijulikana kwamba nahodha mwanamke aliona fundo akalinyamazia, hakuna ambaye angempa tena hata gunia moja. Akamwacha mdogo wake alibebe. Nilimwambia hata mimi nilinyamaza. Akasema mimi nilikuwa mtoto, yeye alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini. Alisema kila mwaka alipanga kuja kwetu na kila mwaka alishindwa, kwa kuwa angelazimika kula chungu kimoja na ile mikono ya baba.

Baba, naye akiwa amekuja kumwuguza, aliingia na chupa ya uji. Nilitaka kutoka, Shangazi akakaza kiganja changu. Akamwambia maneno yaleyale, tangu mwanzo, hakupunguza.

Baba aliiweka chupa juu ya kabati, akakaa pembeni ya kitanda. Aliuliza kitu kimoja tu, kama hilo ndilo lililomzuia kuja kumzika baba yao. Shangazi alikubali kwa kichwa. Muuguzi akaja, akapima joto, akaondoka. Hatimaye baba alisema kwamba yeye ndiye aliyemwambia mtoto wa uwandani aangalie kamba bila kumfundisha maana yake, na kwamba amekuwa akiliwaza hilo kila msimu wa kupanda. Alilisema akitazama dirishani, nami nikaelewa kwamba kila mmoja wetu alikuwa amelibeba fundo lile peke yake, akidhani ni la kwake.

Kisha akauliza, "Tanga bado lipo?"

"Lile lilioza. Sasa kuna la mifuko ya sandarusi. Halinywi maji."

"Na foromali?"

"Ni ileile."

Shangazi aliporuhusiwa, alipitia kwetu kwanza. Alikaa siku kumi, akala na mama, akapelekwa kwenye kaburi la babu. Baba ndiye aliyemsindikiza kurudi Wampembe. Alituambia angelala usiku mmoja na kupanda na gari la kesho yake. Alirudi baada ya siku tisa, uso umebabuka kwa jua la ziwani na midomo imepasuka, na mama alimtengea maji ya kuoga asimwulize alikuwa wapi.